Perege wa Bwawa la Mwisho

Kwetu Iringa, mgeni akisema anakuja kesho, leo hakuna anayekaa. Mama alikuwa akitusuguisha masufuria ndani nje, ua unafagiwa mara mbili, hata mbuzi anahamishwa. Nililelewa hivyo, na malezi hayo nusura yatufukuzishe kazi watu wawili.

Kazi yangu ya kwanza Mbeya ilikuwa kwenye mabwawa ya majitaka. Jirani zangu Ilomba walinicheka: "Umesoma kote huko ili ulinde choo cha mji?" Wacheke. Bosi wangu alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa, gambuti miguuni masika na kiangazi, na nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa anasimama ukingoni, anafumba macho, ananusa, halafu anakuambia bwawa lipi halijalala vizuri. Uchafu wa mji uliingia bwawa la kwanza mweusi tii, ukapita la pili na la tatu, na kwenye la mwisho perege walikuwa wanaruka! Aliwaweka yeye. "Hao ndio wakaguzi wangu," alikuwa akisema. Kutoka hapo maji yalipita getini yakaingia mtoni, kwa akina mama wa bustani za mchicha na kwa wafugaji wa Kisukuma, kisha yakateremka kuelekea mashamba ya mpunga ya Usangu.

Mwezi wangu wa pili tukaambiwa kesho kuna wageni wakubwa. Bosi alikuwa ameshaondoka. Mimi nikaliangalia bwawa la mwisho, kijani kibichi kama mlenda. Jamani, aibu gani hii? Stoo kulikuwa na ndoo za klorini ya unga. Nikamwaga moja, nikamwaga ya pili, na ya tatu. Kiherehere changu!

Asubuhi perege wote walikuwa wanaelea, tumbo juu.

Bosi alitazama bwawa, akanitazama mimi, akakimbia. Mama mtu mzima yule alikimbia na gambuti zake, akafunga geti, akayaelekeza majitaka kwenye mabwawa ya upande wa pili. Kisha akasema, "Twende."

Tukashuka mtoni, bustani kwa bustani. "Mama, usichote maji leo. Tumekosea." Alisema tumekosea kila mahali, wakati aliyekosea alikuwa mmoja. Mfugaji aliyekuwa anakaribia kunywesha ng'ombe aligeuza kundi lote huku anatutukana matusi ya kuanzia babu. "Una haki, baba," bosi akamjibu. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Hakuna ng'ombe aliyekunywa, Mungu ni mwema.

Tuliporudi nikamwomba niwaopoe perege kabla wageni hawajafika.

"Waache," akasema. "Wanakuja kuona maji. Watayaona."

Wakaja na viatu vinavyong'aa. Mkubwa wao akaziba pua, akauliza nani kafanya upuuzi huu.

"Zamu ni yangu," bosi akajibu. "Huyu nilimfundisha kufunga na kufungua. Sikumwambia kwamba ule ukijani ndio uhai wa bwawa."

Mweee! Utumishi wake wote, na kustaafu kumekaribia, autupe kwa ajili ya ndoo zangu tatu?

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hakuwepo." Bosi akanikanyaga mguu kwa gambuti ili ninyamaze. Sikunyamaza.

Tulipewa barua za onyo wote wawili. Yake aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa koti, akaenda kunusa mabwawa.

Wiki zikapita, maji yakarudi kijani. Alileta perege wapya kwenye ndoo kutoka Rujewa, akawaacha siku kadhaa, hakufa hata mmoja. Ndipo akaniita getini.

"Fungua."

"Mama, fungua wewe. Mimi naogopa."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Siku ile hukuogopa."

Nikachungulia kwanza chini mtoni, nikawaona akina mama wa mchicha na ndoo zao, wanasubiri. Nikashika usukani wa geti kwa mikono miwili, nikaanza kuzungusha polepole.