Farasi Aliyezoea "Ndaga"

Uangalieni mkono huu, wapendwa. Wa kulia. Nauinua mwenyewe, na vidole vyote vitano vinacheza! Kuna wakati ulilala pajani kama si wangu.

Naitwa Tumpe. Nilikuwa msusi pale Msasani ya huku kwetu Unyakyusani, nasuka kutwa na umbea juu yake. Niliambiwa nina presha. Vidonge nilikunywa wiki mbili, nikajiona mzima, nikaacha. Ujinga wangu huo.

Asubuhi moja, nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, kitana kikanidondoka. Nikainama kukiokota, nikaanguka. Mdomo ukaenda upande, mate yakanitiririka, mkojo ukanitoka mbele za watu. Mteja alitoka mbio kumwita mume wangu, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Mama, vidonge uliacha lini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Maneno yote yalikuwepo kichwani, yakifika ulimini yanageuka uji.

Miezi mitano mama yangu alinilisha na kunifuta. Kisha dada Rehema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akatuambia kuwa kwenye shamba moja, njia ya Mpuguso, anawapandisha wagonjwa farasi. Alisema mwendo wa farasi huchezesha nyonga za aliyempanda kana kwamba anatembea mwenyewe.

Mama akaja juu. "Kukaa kitini hawezi, leo mumpandishe kwenye linyama lile?"

Walinipandisha, wawili wakinishika huku na huku. Farasi mwenyewe anaitwa Bwashee. Akatembea, na kiuno changu kikatembea naye! Nililia kwa furaha. Mwisho wa mzunguko nilitaka kusema "simama", likatoka "ndaga", asante yetu ya Kinyakyusa. Neno la kwanza tangu nianguke! Bwashee akasimama. Basi kila siku nikamsimamisha hivyo, naye akalizoea.

Leo natembea, na ninajifunza kazi hiyohiyo ya kuwaongoza wagonjwa juu ya farasi. Ila nimejiletea balaa. Wagonjwa wetu wa Kisondela, Wanyakyusa wenzangu, wanashukuru kwa kila kitu. Ukimshika mguu, ndaga. Ukimweka sawa kofia, ndaga. Na kila ndaga, Bwashee huyo, kasimama!

"Umeniharibia farasi," dada Rehema akaniambia. "Siku ya mtihani wako akisimama ovyo, kazi hupati."

Siku ya mtihani nikapewa Mzee Ambakisye, ambaye kiharusi kilimnyima kauli kabisa. Nikasema moyoni, hapa nimepona, huyu hana ndaga. Nilitakiwa kumwongoza Bwashee na kumsimamisha kwenye mstari wa chokaa. Tulikwenda vizuri mno. Zikiwa zimebaki hatua kumi, nikasikia kutoka juu:

"Nda... ndaga."

Bwashee akasimama papo hapo. Mzee akaduwaa. Akamtazama farasi, akanitazama mimi, akarudia kwa nguvu, "Ndaga!" Mkewe, aliyekuwa kando ya uzio, akapiga vigelegele. Mimi nikalia, lakini kamba sikuiachia.

Dada Rehema akautazama mstari kule mbele, akaitazama karatasi yake.

"Hujafika kwenye mstari, Tumpe."

"Najua, dada."

Akaikunja karatasi, akajifuta macho nayo. "Jumatatu uje mapema. Mzee anaanza na wewe."

Nimeajiriwa, jamani! Wenzangu wa presha, kunyweni vidonge hata mkijisikia wazima. Na mwenye mgonjwa nyumbani asimfiche ndani. Namshukuru mama, namshukuru mume wangu, namshukuru Mungu usiku na mchana. Nikiwa shambani tu ndipo namshukuru kimoyomoyo, mpaka mzunguko uishe.