Chumvi ya Bibi Harusi

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Jumatano, somo wa bibi harusi alinipigia simu. Hakuningoja nimalize shikamoo yangu.

"Marahaba. Chumvi yako imemwasha mtoto wa watu. Njoo uone."

Somo ni mwanamke mzima anayempa bibi harusi mafunzo na kumwogesha kabla ya hina. Huyu ndiye aliyekuwa akiniletea wateja katika mji wa kale wa Malindi. Angeniacha yeye, wote wangeniacha. Nilivaa buibui, nikaenda kwa miguu katika mvua.

Kutengeneza chumvi ya kuogea nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kuharibu. Nanunua chumvi ya mawe kutoka Gongoni, naianika juani, naitwanga kidogo isiwe unga, kisha naipanga ndani ya chupa: tabaka la chumvi, tabaka la maua ya langilangi. Maua yakibadilika rangi nayatoa, natia mapya, mpaka chumvi yenyewe inukie. Wengi wetu hatuna hodhi la kujilaza, kwa hiyo huwaeleza watu watie vijiko viwili katika beseni la maji ya uvuguvugu, waloweke miguu, au wajimwagie kwa kata. Mimi hufanya hivyo kila nikitoka sokoni.

Nyumba yangu ni ya makuti. Pa kuanika hapana. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana paa la zege. Basi chumvi ilianikwa kwake, ikakaa kabatini mwake, wateja wakaichukulia huko, na faida tukagawana nusu kwa nusu. Kabati lile halikuwa na kufuli, na wazo la kulitia kufuli halikunijia hata siku moja.

Nilimkuta bibi harusi amekaa mkekani, mikono kaikunjua mbele yake. Somo alikuwa ameanza kwa kumlowesha mikono, na vipele vyekundu vilitoka viganjani hadi viwikoni. Mchoraji wa hina alikuwa pembeni, mkoba wake haujafunguliwa.

"Nimpake wapi hapa?" aliuliza. "Juu ya vidonda?"

Bibi harusi hakuniangalia. Alimwuliza somo wake kwa sauti ndogo, "Nitaolewa mikono mitupu?"

Niliomba chupa. Nilipoiinamisha, chumvi iliteleza kama mchanga mkavu. Chumvi ya Gongoni huvuta unyevu. Katika juma la mvua kama lile hugandamana, lazima uichokoe kwa kijiko. Hii ilikuwa ya paketi, ya jikoni. Na harufu haikuwa ya maua. Yalikuwa marashi ya mafuta, yale tunayotia nguo za harusi tukishazifukiza udi. Kwetu hakuna asiyejua kuwa hayo ni ya nguo, si ya mwili.

"Ni mimi niliyekusifu kwa mama yake," somo alisema.

Wifi nilimkuta akichambua mchicha.

"Wifi, chumvi yangu iko wapi?"

"Aa, usinijie na uso wa polisi. Mwenye nyumba ya wageni kule Watamu kaitaka yote, na analipa mara mbili. Ningemkatalia?"

"Na ya harusi?"

"Si nimetia marashi ya bei? Bibi harusi anukie, basi. Nani huku atajua chumvi hii na ile? Wewe na vitabu vyako tu."

"Jumapili nilikuuliza kama imegandamana. Ukasema umeichokoa kwa kijiko."

Alicheka. "Nilijua utauliza tu."

Kicheko kile ndicho kilichonikata. Halikuwa kosa la bahati mbaya. Alijua ninavyofikiri, akanitayarishia jibu mapema, tena kwa maneno yangu mwenyewe.

Bibi harusi alipakwa hina miguuni tu. Mikono aliificha ndani ya mtandio siku nzima ya harusi, na wanawake waliomwona walijua chumvi ilikuwa ya nani. Kaka aliniomba tuyamalize ndani ya nyumba. Kwa ajili yake nilinyamaza, na wifi akaendelea kuniamkia kama kawaida. Somo hajanipigia simu tena. Nilirudisha bei ya chumvi, nikalipa dawa ya ngozi na ujira wa mchoraji, peke yangu: shilingi elfu kumi na moja na mia sita.