Wiki kumi na moja bila reggae: Lusekelo arudishiwa Jumamosi yake

Saa tisa alasiri, Jumamosi, ukumbi wa jamii wa mji wa Riverdale Park, Marekani. Lusekelo Mwaipopo anainama nyuma ya spika, anachomeka waya wa mwisho. Taa ya kijani inawaka. Anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Kwa wiki kumi na moja ukumbi huu ulikuwa umefungwa kwake. Hakuiba, hakupigana. Watu waligonga meza, basi.

Lusekelo, 54, husafisha sakafu za shule moja huko Bowie kwa dola 19 kwa saa. Jumamosi ni selekta, yaani mchagua nyimbo za reggae na dancehall, tangu mwaka 2002.

"Nilianza na masanduku ya santuri, mgongo ukakoma," anasema. "Zikaja CD za kuchoma nyumbani, halafu laptop. Sasa wimbo unatoka Kingston asubuhi, unanifikia sijanywa hata chai."

Muziki wenyewe nao umehama. Zamani zile mdundo mmoja uliimbwa na watu ishirini, kila mmoja na maneno yake. Zikafuata sauti za kupitishwa kwenye mashine, kisha vijana wakarudia besi nzito ya wazee wao. Siku hizi dancehall inachanganywa na miziki ya Lagos na Dar. Lusekelo anapiga yote.

Desturi moja tu imebaki palepale. Wimbo ukiwakolea, watu hugonga meza na kuta kwa viganja. Maana yake: simamisha, anza upya.

Jumamosi moja ya Machi waligonga hasa. Meneja mpya, mwenye siku nne kazini, akasikia kishindo akadhani watu wanauana. Akazima umeme. Jumatatu ikaja barua: marufuku. Hakuuliza mtu. Ndivyo walivyo wenye funguo, kuandika barua wanajua, kuuliza hawajui.

"Nilishatafuta mtu wa kununua spika," anasema Lusekelo.

Na mwanamume akinyang'anywa Jumamosi yake anabaki na kuta nne, na kuta hazimuulizi mtu ameshindaje.

Aliyemwokoa ni Adjoa, mwalimu mstaafu, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili chuoni na asiyekosa Jumamosi. Mbele ya kamati ya ukumbi hakuhutubia. Aliweka wimbo kwenye simu, akagonga meza ya mwenyekiti kwa nguvu, akausimamisha, akauanza upya.

"Vita yenyewe ndiyo hii," akawaambia. Mwenyekiti akacheka. Kura tano kwa mbili.

"Mimi nilishindwa kuingia, nilikaa garini," anasema Lusekelo. "Binti yangu Anitha akatoka mbio, 'Baba, they said yes!' Nililia, na mimi silii ovyo."

Barua ya kuomba radhi haijaja. Wakubwa hawana wino wa hiyo.

Leo watu wamejaa. Kuria, dereva wa lori kutoka Nyeri, anapaza sauti: "Mzee, wiki zote hizo ulikuwa umelala? Weka kitu!"

"Tulia wewe, mahari hujamaliza unadai dancehall!"

Ukumbi mzima unacheka, Lusekelo anafuta macho kwa kiganja.

Ana mpango mmoja kabla ya Septemba: kumwalika yule meneja asimame naye nyuma ya mashine, saa moja tu.

"Si kwa ubaya," anasema. "Akiziona nyuso zao kutokea hapa nilipo, mkono wake hautaigusa tena ile swichi."