Kasikisi ya Kumuaga Katungu

Katungu alisomea mambo ya maji chuo kikuu, akamaliza, na kazi iliyompata ikawa kusimama ufukweni Keshero na sirinji mkononi, akitia dawa ya kloro katika bidoni, yale madumu ya wanaochota maji ziwani. Injenia mzima! Usishangae, Goma ndivyo ilivyo.

Mtaa mzima ulikubali dawa yake, isipokuwa Mama Marcelline, aliyemzaa. Huyo alitengeneza kasikisi, pombe ya ndizi, na ndiyo iliyomsomesha Katungu. Dawa, alisema, inaua pombe. Katungu hakubisha, ni kweli inazuia povu, pombe isichachuke. Alimuomba tu atenge bidoni moja ya kunywa, hiyo itiwe dawa. Mama akakataa, akawa anapita mbele ya binti yake na bidoni mgongoni, shingo juu, majirani wakicheka. Nabii hana heshima kwao, na ilimuuma Katungu kuliko alivyoonyesha.

Akaomba bourse, ufadhili wa kusomea master ya maji. Akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini nyingine huozea mtini. Mara ya tatu jibu likaja: amekubaliwa, anaenda Wagadugu, masomo na chakula vyote vimelipwa. Akakimbia nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya.

Kwao, anayesafiri mbali hupewa kikombe cha kwanza cha kasikisi na mama yake, mbele ya ndugu. Usipopewa utaenda, nani atakuzuia? Lakini utaenda kama uliyefukuzwa. Siku zikapita, mama hakutaja kikombe. Katungu alikusanya karatasi zake mjini akiwa na huzuni, kwa maana bourse bila baraka hakuitaka, na kuiacha hakuweza.

Kumbe ndizi za kikombe hicho zilikuwa zinaivishwa. Siku ya kuagana ndugu wakajaa uani, hata Papa Kamate, kaka yake mama, alifika toka Butembo. Mama akajaza kikombe, akampa binti yake kwa mikono miwili. Katungu akanywa. Ilikuwa tamu kama maji ya sukari, haina povu hata kidogo, na ilinuka kloro.

Papa Kamate akaonja, akachungulia ndani ya kikombe chake, akauliza dada yake amepatwa na nini, yeye ambaye pombe yake haijawahi kukosa povu.

Mama akajibu bila kuona haya. Alishuka ufukweni siku Katungu yuko mjini, akamwambia Chance, anayefanya kazi na Katungu, atie dawa katika bidoni ya maji ya kasikisi. Kisha akamwambia aongeze.

"Nilijua itakufa," akasema. "Lakini mutoto anaenda kusomea hii dawa. Nimubariki na maji yenye yeye haamini?"

Hakuna aliyecheka. Katungu alimaliza kikombe chote, machozi yakimtoka waziwazi, akakinyoosha tena kwa mama yake.

"Mama, niongeze."