Taa Iliyofutwa Mara Tatu

Ukitaka kumuudhi Shangazi Waya, mwambie, "Nizimie hii taa." Ana miaka hamsini na mbili, na thelathini kati ya hiyo ameipitisha amejikunja chini ya dashibodi za magari ya watu, lakini maneno hayo bado humpandisha damu kichwani.

"Taa ya injini inakuita," hufoka. "Wewe unataka niizibe mdomo?"

Gereji yake ni banda la mabati lenye vyumba viwili, kwenye barabara ya maghala. Chumba kimoja ni chake. Cha pili ni cha mdogo wake wa kiume, ambaye wateja humwita Doktari kwa sababu ndiye anayeshika kompyuta ya kupimia. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakichomeka chini ya usukani, nacho kinakuandikia kwenye kioo chake namba ya hitilafu ambayo gari limeitunza.

Doktari ni fundi wa maneno. Huchomeka, husoma, hutikisa kichwa kama aliyeona msiba, kisha hubonyeza palipoandikwa "futa". Taa inazimika, mteja anacheka, gari linaondoka na ugonjwa wake. Itapita siku kadhaa kabla taa haijawaka tena. Gereji za namna hii nimezikuta katika miji mingi, na kila mahali anayefuta ana wateja kuliko anayetengeneza.

Dada mtu alijua. Nyumbani kwa mama yao alimgombeza mpaka sufuria zikatetemeka. Mbele ya wateja alinyamaza. Ni mdogo wangu, alijiambia, nimfanyeje?

Jumanne moja asubuhi mkunga wa mtaa wa pili aliingia na gari lake dogo jeupe, akapita mlango wa Doktari bila salamu.

"Shangazi, nitazamie wewe. Taa imewaka mara ya nne. Juzi nina mama mwenye uchungu kiti cha nyuma, kila nikikanyaga breki gari linazima. Amejifungulia kwenye tuta la barabarani. Na leo saa nane nina mama wa mapacha wa kumfikisha hospitali."

"Doktari alikwambiaje?"

"Kwamba sensa ya ekzosi, ile inayopima moshi, imekufa, na amenibadilishia."

Waya alichukua kompyuta mezani kwa mdogo wake, akaichomeka. Kosa: hewa imezidi, mafuta hayatoshi. Akashuka ukurasa mwingine, ule ambao Doktari huwa hauonyeshi. Umbali tangu kufutwa: kilomita sitini na mbili. Kisha akajilaza chini ya gari na tochi. Sensa ilikuwa ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, nati yake imeshikana kwa kutu. Hakuna spana iliyowahi kuigusa.

Alitoka uvunguni macho mekundu.

"Wewe! Njoo hapa!"

Doktari alikuja anafuta mikono iliyokuwa safi. "Dada, taratibu basi. Unaniaibisha mbele ya mteja."

"Aibu unaijua wewe? Sensa mpya iko wapi? Umeivaa?"

"Mashine ndiyo ilisema sensa..."

"Mashine ilisema sensa imeona hewa nyingi! Aliyepiga kelele za mwizi ndiye unayemfunga? Tena hata kumfunga hukumfunga, ulimdanganya mama wa watu!"

Mkunga alikuwa ameegemea mlango wa gari. Alizungumza polepole, na hasira yake ilikuwa imepoa hadi ikawa ngumu.

"Na wewe, Shangazi? Mara zote tatu ulikuwa benchi hilo hapo. Uliniona naondoka. Uliniaga."

Waya aligeuka, akafungua boneti.

Aliwasha injini, akaanza kunyunyizia maji kwenye mipira ya kupitisha hewa, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mpira wa nyuma kabisa, uliojificha, unaokwenda kwenye breki, injini ilibadilisha sauti ghafla. Ulikuwa umepasuka urefu wa kucha. Akauondoa, akafunga mwingine, akaliendesha gari kuzunguka maghala na kukanyaga breki kila hatua kumi. Halikuzima.

"Panda mbele," alimwambia mdogo wake. "Unakwenda naye. Likizima, utasukuma, na huyo mama utamweleza mwenyewe kwa nini."

"Dada, nina wateja!"

"Panda!"

Walipoondoka aliingia chumba cha Doktari. Ukutani, kwa kalamu nene, kulikuwa na namba za simu za wateja wa miezi mitatu. Akavuta kiti, akapiga ya kwanza.

"Mimi dada yake Doktari. Gari lako halikutengenezwa, taa ilifutwa tu. Nilijua, nikanyamaza. Lirudishe."

Wa kwanza alimtukana. Wa pili alikata simu. Wa tatu alimtukana yeye na mama yake. Alipiga ya nne.