Kabla Hujayalaumu Maziwa Yako

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Nilikuwa nimeketi barazani kwa wakwe zangu, kijijini Chiwanda, na mtoto wangu wa kwanza, Osmundi, wa miezi miwili, yuko begani. Akacheua. Mabonge meupe yakanishukia mgongoni, yana uchachu wa kukunjisha uso.

Mimi Mmatengo wa milimani, nimekulia kwenye kahawa na maharage. Usipa, hawa dagaa wa ziwa letu, nilianza kuwala kila siku baada ya kuolewa huku ziwani. Basi nikajipa jibu mwenyewe: shombo la usipa limeingia kifuani, maziwa yameharibika. Kuuliza si ujinga, lakini niliona aibu. Ningeanzaje kumwambia mama mkwe kwamba kitoweo cha kwao kinaninukia vibaya?

Nikaacha usipa. Maziwa nikawa nayakamua na kuyamwaga nyuma ya jiko, mtoto nampa uji mwepesi wa mahindi. Kucheua kukapungua, nami nikajiona mjanja kweli. Siku ya kliniki nesi akampima, akautazama mzani, akampima tena. Uzito ulikuwa umeshuka. Nesi akaniuliza anakula nini, nikamwambia, akaniamuru uji niache siku hiyohiyo. Nikarudi nyumbani. Nilidhani namponya mwanangu, kumbe namtia njaa.

Nikamweleza mama mkwe yote, nalia. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami moyoni nilishamtukana mara nyingi. Nikangoja anifokee. Akauliza tu, "Umeyaonja?"

"Nini, mama?"

"Maziwa yako. Siku zote hizo unanusa matapishi. Maziwa yenyewe umeyaonja?"

Wala sikuwahi kuwaza hivyo. Akaleta kikombe, nikakamua kidogo, nikaonja nimefumba macho. Matamu, mwanangu, hayana shombo hata chembe. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Maziwa yakifika tumboni huganda," akasema. "Yakirudi, lazima yawe machachu. Wewe umemlaumu mpishi kwa kilichotoka tumboni mwa mlaji."

Tangu hapo nikawa mdadisi hasa. Nakula usipa, naonja. Nakula vitunguu saumu, naonja. Ladha ilibadilika kidogo tu, na Osmundi hakujali. Ila maziwa yalikuwa yamepungua. Ilibidi nimnyonyeshe kila mara, siku nyingi, na mama mkwe akanishikia jembe langu shambani, ndipo yakarudi. Kliniki iliyofuata mzani ulipanda, nikalia tena.

Nisikilize basi. Mtoto akicheua kidogo huku anachangamka na uzito unaongezeka, mpanguse, mweke begani abeue, endelea na kazi zako. Akitapika kwa nguvu kila anyonyapo, au matapishi yakiwa ya kijani au yana damu, au uzito ukigoma kupanda, usimsubiri bibi wala jirani, mpeleke zahanati. Na ninyi wa siku hizi mnaoweka maziwa kwenye friji, yakinuka kama sabuni usikimbilie kuyamwaga. Yaonje kwanza, huenda ni mazima. Yakiwa yamechacha, hayo ndiyo ya kumwaga.

Aibu nayo usiilee. Mimi niliilea wiki mbili, ikala uzito wa mwanangu.

Mungu akujalie maziwa tele, na mtoto mzito mpaka mgongo wako uombe kupumzika.