Jicho la Kuku Shingoni mwa Roza

Umewahi kumdharau mpigapicha kwa sababu lenzi yake ni fupi? Jibu kweli. Mimi nimewaona watu wa kamati za harusi hapa Mbeya wakifanya hivyo mchana kweupe. Wanaletewa albamu, hawaifungui. Wanatazama kinachoning'inia shingoni mwa mtu, na kama hakijatoka mbele kama bomba la maji, wanasema watampigia simu. Hawapigi. Ni upuuzi, na upuuzi huo ulikaribia kumwachisha kazi jirani yangu Roza Nkuba.

Roza ana miaka thelathini na mbili. Alizaliwa Ubaruku, kwa Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, na sasa amepanga mtaa wa Soweto hapa Mbeya, mlango wa pili kutoka kwangu. Kamera yake ni ya kisasa, zile zisizo na kioo ndani, na yenyewe haina uzito wa kulalamikia. Tatizo lilikuwa mbele yake: lenzi ya kuvuta, milimita 24 hadi 70, karibu kilo nzima. Aliibeba miaka minne kwenye ubatizo, kipaimara, send-off na mahafali. Mwaka jana bega la kulia likagoma. Kila asubuhi baada ya sherehe, mkono haukupanda kupita sikio. Mdogo wake Prisca, anayeishi naye, ndiye aliyekuwa akimchana nywele, Roza amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama mtoto anayeandaliwa kwenda shule.

Daktari hakuzunguka. Punguza uzito, alisema, au tafuta kazi nyingine.

"Nitauza vitumbua," Roza akaniambia jioni ile.

"Dada, wewe hujui kupika vitumbua."

"Si ndiyo maana nalia, Asukile?"

Nilimwambia anunue lenzi nyepesi, ya kutembea nayo siku nzima. Akaniuliza kama ningemlisha pale kamati zitakapomkimbia. Nikaanza kuhutubia: kwamba fundi hapimwi kwa ukubwa wa nyundo, kwamba lazima mtu mmoja aanze. Aliniacha nimalize.

"Wewe ukipewa nchi," alisema, "utaanza kwa kupiga marufuku kamati za harusi."

"Siku ya kwanza, saa mbili asubuhi!"

Alicheka, lakini usiku ule ule alifungua kompyuta. Nilichokuwa sijui ni kwamba kila picha hujiandikia ndani yake milimita ulizotumia. Roza alipitia picha za mwaka mzima, na kesho yake alinigongea akiwa na daftari. Milimita 70 alikuwa hazigusi kabisa. Karibu picha zote alizopeleka kwa wateja zilikuwa kati ya 30 na 40. Miaka minne alikuwa amebeba chuma ambacho kazi yake ilihitaji kipande chake tu.

Alhamisi tukapanda basi kwenda Iringa, Miyomboni, kwenye kijiduka cha Marcelino, kijana wa Kihehe anayeuza kamera mpya na zilizotumika.

"Kamwene!" alitupokea. "Roza, umekuja na mlinzi leo?"

"Nimekuja na mhubiri. Usimchokoze, hatutatoka hapa."

Akaweka lenzi tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya kuvuta, ndogo na nyepesi kuliko zote. Roza akaingia nayo stoo, ambako taa ilikuwa imeungua, akampiga picha Marcelino kati ya maboksi. Picha ikatoka na chenga kama uji wa ulezi.

"Hii haimezi mwanga," alisema. "Kwenye nyumba za kwetu zenye dirisha moja nitamfanya bibi harusi awe kivuli."

Ya pili, ya milimita 50, ilitoa picha safi, lakini ilimlazimu kurudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na bado miguu ya Marcelino haikuingia. Ya tatu ilikuwa ya 35, isiyovuta, fupi kama kikombe cha kahawa. Humo humo gizani Marcelino akatokea mzima, na hata maandishi ya maboksi yalisomeka. Roza akaining'iniza shingoni, akatoka nje, akazunguka soko zima. Tulimngoja nusu saa. Aliporudi alikuwa anazungusha bega taratibu, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango.

"Hii. Lakini utaichukua ile kubwa iwe sehemu ya malipo. Nikibaki nayo, woga utanirudisha."

Marcelino alimtazama vizuri. "Nikiichukua, keshokutwa usinipigie simu unalia."

"Nitalia bila kupiga simu."

Wakabadilishana, na Roza akaongezewa betri mbili na flashi ndogo. Tulipotoka nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda mjadala. Roza hakuwa na furaha yoyote. Jumamosi alikuwa na kazi Ubaruku kwa Mzee Masanja, jirani wa baba yake. Ng'ombe wa mahari ya binti wa mzee walikuwa wanaletwa, na kwa Mzee Masanja kila ng'ombe hupigwa picha anapoingia langoni, ili baada ya mwezi mtu asije akadai alileta fahali mnene kumbe ni ndama mwenye mbavu nje. Ng'ombe akipita bila picha, hakuna wa kumrudisha nje aingie tena.

Tulifika kwa Mzee Nkuba, baba yake Roza, Ijumaa, na Prisca alikuwa ametutangulia. Kesho yake, mapema, Mzee Masanja alitukuta kwenye lango la zizi.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, baba," Roza akajibu, akikunja goti kidogo.

Mzee akaitazama kamera, akainama, akaitazama tena.

"Mwanangu, lile kubwa liko wapi? Mbona umeniletea jicho la kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Nilifungua mdomo nitoe hotuba. Roza akanikanyaga mguu.

"Baba, kuku anaokota mtama mmoja kwenye vumbi lote hili. Nipe nafasi pale kwenye nguzo."

Zamani angesimama mbali na kuvuta. Sasa ilibidi asogee hadi kwenye nguzo yenyewe, hatua mbili kutoka pembe zinapopita. Mkono wa kushoto ulishika nguzo, wa kulia ulishika kamera peke yake, jambo ambalo kwa ile kubwa lisingewezekana. Ng'ombe wakaanza kuingia, vumbi likapanda, vijana wakapiga miluzi. Fahali mmoja wa rangi ya majivu, pembe moja imepinda, alisimama, akanyoosha shingo na kuinusa lenzi. Roza hakurudi nyuma. Alibonyeza, akafuta ute kwa kanga, akaendelea na aliyefuata.

Siyo kila kitu kilipatikana. Wacheza ngoma walikuwa ng'ambo ya zizi, na kwenye picha walitoka kama siafu. Roza aliziacha bila kujitetea. Lakini ng'ombe wote walikuwemo, kuanzia pua hadi mkia, na ndani ya nyumba yenye dirisha moja binti alitoka na uso wake wote. Mzee Masanja alioneshwa yule fahali, pua imejaa kioo kizima, akacheka mpaka akakaa chini.

"Jicho la kuku hilo," aliwaambia wageni, "linaona mpaka kamasi! Roza, mwezi wa nane kuna mahari ya mdogo wa binti huyu. Uje nalo hilo hilo."

Nikadhani nimeona mwisho wa habari. Sikuwa nimeona.

Jumapili asubuhi nilikuwa uani kwa Mzee Nkuba napiga mswaki. Prisca akatoka na chanuo mkononi kama alivyozoea, akaipindua ndoo karibu na mlango, akasimama nyuma yake akingoja. Roza akatoka. Akaipita ndoo, akalichukua chanuo mkononi mwa mdogo wake, akanyanyua mkono wa kulia kupita sikio, kupita utosi, akaanza kuchana kuanzia nyuma.

Prisca alimtazama kidogo. Kisha akakaa yeye kwenye ndoo.

"Basi ukimaliza," alisema, "nichane na mimi."